Kuirudia "To Be or Not to Be" (1942): Maswali Ninayoulizwa Kila Nikiionyesha

Nimeshaionyesha picha hii mara nyingi sebuleni kwangu hapa Arusha, kwa projekta ya kuazima na shuka jeupe lililopigiliwa ukutani. Wageni hubadilika, maswali ni yale yale. Nimeona niyaandike mahali pamoja ili siku nyingine nipate nafasi ya kunywa chai yangu ikiwa bado ya moto. Kama hujaitazama na hupendi kumaliziwa utamu, soma maswali matatu ya mwanzo tu, kisha nenda kaitafute.

Ni filamu gani hasa?

Ni filamu ya vichekesho ya Marekani, nyeusi na nyeupe, ya dakika 99, iliyotoka mapema mwaka 1942 wakati Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto. Mwongozaji wake ni Ernst Lubitsch, Myahudi mzaliwa wa Berlin, mtoto wa fundi nguo, aliyehamia Hollywood mwaka 1922. Wanazi walimvua uraia wa Ujerumani mwaka 1935. Steringi wa kike ni Carole Lombard, wa kiume ni Jack Benny, mchekeshaji ambaye Wamarekani wa wakati ule walimjua zaidi kwa sauti yake redioni. Muswada uliandikwa na Edwin Justus Mayer kutokana na kisa cha Melchior Lengyel wa Hungaria.

Inahusu nini?

Warsaw, Agosti 1939. Kundi la waigizaji wa jukwaani linafanya mazoezi ya tamthilia inayowakejeli Wanazi. Serikali inaipiga marufuku kwa kuogopa kumuudhi Hitler, kwa hiyo wanarudia Hamlet, tamthilia ya Shakespeare wanayoicheza kila siku. Wiki chache baadaye Hitler anavamia hata hivyo, kuudhiwa au kutoudhiwa, na Polandi inaanguka. Halafu anatokea jasusi mmoja, Profesa Siletsky, ambaye kule London amejifanya mzalendo wa Kipolandi. Marubani wa Kipolandi walioko huko wamempa majina na anwani za ndugu zao walioachwa Warsaw, na sasa anazipeleka kwa Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi. Zikifika, watu watakufa. Wa kumzuia ni waigizaji wale wale, na silaha zao ni sare za Kinazi zilizobaki kwenye stoo ya mavazi, ndevu bandia na gundi.

Katikati ya hayo kuna mke na mume, Maria na Joseph Tura, wote nyota, wote wamejaa wenyewe. Na kuna rubani kijana, Sobinski, anayemzimia Maria.

Jina lina maana gani?

Ni maneno ya kwanza ya hotuba maarufu kuliko zote za Hamlet: kuwa, au kutokuwa. Maria amemwambia Sobinski kwamba mume wake akianza tu maneno hayo jukwaani, basi ndiyo saa ya kuja chumbani kwake nyuma ya pazia, kwa sababu hotuba ni ndefu. Tura anatembea taratibu mpaka mbele ya jukwaa, anatafakari, ananyamaza. Mkumbushaji aliye kwenye kijitundu chake anadhani bwana mkubwa amesahau, anamnong'oneza maneno. Tura anamkata jicho. Anafungua kinywa, anatamka, na pale pale safu ya pili kijana anasimama na kuanza kuwapitia watu magotini, samahani, samahani, mpaka mlangoni. Kwa Tura hilo ni jambo la kutisha kuliko majeshi yote ya Ujerumani. Mtu ametoka nje wakati yeye anaigiza!

Ukielewa kichekesho hicho umeshaielewa picha nusu.

Kwa nini inaanza na Hitler amesimama peke yake mtaani?

Hapo ndipo Lubitsch anapokuonyesha kwamba leo utadanganywa, tena utafurahi. Msimulizi anatusomea mabango ya maduka, majina ya Kipolandi yanayofanana mwisho. Mara watu wote wanaganda. Ni Agosti 1939, vita bado, na Adolf Hitler amesimama barabarani Warsaw akichungulia dirisha la duka la vyakula. Msimulizi anashangaa: mtu huyu si hula mboga tu? Kisha anajijibu kwamba hafuati mwiko wake kila siku, wakati mwingine humeza nchi nzima.

Baadaye tunaelewa. Ni Bronski, mwigizaji mdogo. Mkuu wa kundi, Bwana Dobosh, alilalamika mazoezini kwamba Hitler wake hamridhishi, kwamba anamwona kama mtu tu mwenye kisharubu. Bronski akaumia, akatoka na sare yake kwenda mtaani kuthibitisha. Na anafaulu, watu wanakusanyika, mpaka kinapotokea kitoto kimoja cha kike kumwomba Bwana Bronski amsainie karatasi.

"Mtu tu mwenye kisharubu." Watazame tena wanaposema sentensi hiyo. Jibu analopewa Dobosh ni kwamba hata Hitler yuko hivyo hivyo.

Hitler alifika Warsaw kweli? Historia ipi ni ya kweli hapa?

Alifika, tarehe 5 Oktoba 1939, kukagua gwaride la ushindi la jeshi lake. Uvamizi ulianza Septemba 1, na mji ulisalimu amri mwishoni mwa mwezi huo huo baada ya kupigwa mabomu vibaya. Marubani wa Kipolandi waliokimbilia Uingereza pia ni kweli kabisa. Kikosi cha 303 cha Wapolandi kilipata sifa kubwa katika mapambano ya anga ya mwaka 1940. Kwenda kwa Hitler ukumbini kutazama mchezo, kama inavyotokea mwishoni mwa picha, ni ubunifu.

Kitu ambacho picha imekiacha ni geto. Wayahudi wa Warsaw walifungiwa ndani ya kuta kuanzia Novemba 1940, na kwenye filamu hakuna ukuta wowote, kuna magofu na theluji tu. Vilevile imewaangalia Wajerumani peke yao. Kwamba Umoja wa Kisovyeti nao uliingia Polandi kutoka mashariki Septemba 17, 1939, hilo hulioni. Kumbuka wakati picha inatoka, Stalin alikuwa upande mmoja na Marekani.

Kwa nini watu waliikasirikia ilipotoka?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na jibu ni refu, vumilia.

Kuna mahali Tura, akiwa amejibandika ndevu na kujifanya Profesa Siletsky, yuko ofisini kwa Kanali Ehrhardt wa Gestapo. Roho iko mkononi. Akikosea neno moja anapigwa risasi. Lakini hawezi kujizuia, lazima aulize: Kanali, umewahi kumsikia yule mwigizaji mkuu, mkuu kabisa, wa Polandi, Joseph Tura? Ehrhardt anakumbuka kwamba aliwahi kumwona kabla ya vita. Anasema kwamba alichomfanyia Shakespeare, sisi sasa tunaifanyia Polandi.

Mstari huo uliwachoma watu. Polandi ilikuwa inavuja damu saa ile ile, na hapa Hollywood inafanya utani nayo. Baada ya onyesho la majaribio, marafiki wa Lubitsch walimsihi aukate. Alikataa. Bosley Crowther, mhakiki wa New York Times, hakuipenda kabisa picha, na wengine walimshutumu mwongozaji kwa ubaridi wa moyo. Mwezi Machi 1942 Lubitsch alijibu kwa maandishi katika gazeti hilo hilo. Alisema amechoshwa na mapishi mawili yaliyozoeleka: huzuni inayopunguzwa makali kwa vichekesho, na vichekesho vinavyotiliwa chumvi ya huzuni. Yeye ametaka picha isiyompumzisha mtu kutoka kwenye kitu chochote, wakati wowote. Kuhusu Wanazi wake, alikiri kwamba hakuonyesha mijeledi wala vyumba vya mateso. Wanazi wa picha yake wamelivuka daraja hilo, ukatili kwao umekuwa kazi ya kila siku, wanauzungumza kama muuza duka anavyozungumzia mkoba aliouza.

Mimi niliposoma jibu hilo ndipo nilipoirudia picha kwa jicho jingine. Tazama mzaha wa Ehrhardt ni wa nani. Si wa Lubitsch. Ni wa Ehrhardt. Kanali ndiye anayeona kuibomoa nchi ni kitu cha kulinganishwa na uigizaji mbovu, na anacheka. Wewe mtazamaji unacheka naye kabla hujakumbuka umekaa na nani. Waliokasirika walikuwa na haki ya kuumia, sitawabishia, lakini nadhani walimpiga mjumbe.

Jambo la pili Lubitsch alilolitetea ni waigizaji wenyewe. Alisema mwigizaji hubaki mwigizaji hata hatari iwe kubwa vipi. Ndiyo maana Tura anauliza swali lile. Kuna mahali pengine mapema zaidi, mazoezini, Maria anakuja na gauni la hariri linalong'aa, anataka kulivaa katika tukio la kambi ya mateso. Anaona taa zitakavyompiga gizani, watu watakavyoshtuka. Dobosh nusura azimie. Kujipenda huko ndiko kunakomfanya mtu acheze Hamlet kila usiku, na ndiko kunakomfanya mtu mwingine apende kuitwa jina la kutisha. Picha nzima inawapima watu wa aina hizo mbili kwa mizani moja, waigizaji na wababe. Tofauti ni kwamba waigizaji wanajua kuna pazia.

Ule utani wa "Ehrhardt wa Kambi za Mateso" mbona unarudiwa mara nyingi hivyo?

Kwa makusudi. Kwanza tunamwona Tura akimwigiza Ehrhardt mbele ya Siletsky. Wamelifanya jukwaa na ofisi za ukumbi wao kuwa makao ya Gestapo, wenzake wanazunguka na sare. Siletsky anamwambia kwamba London anajulikana kama Ehrhardt wa Kambi za Mateso. Tura anacheka kwa kujisikia: "Kwa hiyo wananiita Ehrhardt wa Kambi za Mateso!" Baada ya hapo hana muswada. Mazungumzo yakimwishia, anarudi pale pale, kwa hiyo wananiita hivyo, eh? Anarudia tena. Na tena. Ni kama mtu aliyepewa maikrofoni ya harusi akasahau hotuba. Sisi tunasema huyu kaharibu, Mnazi wa kweli hawezi kuwa mpumbavu namna hii.

Dakika chache baadaye anakutana na Ehrhardt halisi, anamwambia neno lile lile, na Ehrhardt halisi anatoa jibu lile lile, kwa kicheko kile kile, kwa majivuno yale yale. Tura alikuwa amepatia.

Kicheko cha mara ya kwanza ni cha Tura kushindwa kuigiza. Cha mara ya pili kinakwama kooni, maana anayeongea sasa ana kambi za kweli. Sig Ruman, mzaliwa wa Hamburg, ndiye aliyemcheza Ehrhardt, macho yamemtoka, mara anafoka, mara anatetemeka, na kila likimharibikia anamwita msaidizi wake: "Schultz!" Baada ya usiku mmoja nilipoionyesha, watoto wa jirani walikaa wiki nzima wakiitana Schultz.

Carole Lombard alikufa kabla picha haijatoka?

Ndiyo. Upigaji picha ulianza Novemba 1941 na kumalizika Desemba 23. Katikati, Desemba 7, Japani ikashambulia Pearl Harbor na Marekani ikaingia vitani. Lombard alikwenda Indianapolis, jimboni kwake Indiana, kuuza hati za mkopo wa vita, na kwa siku moja akauza za zaidi ya dola milioni 2. Akirudi Los Angeles, Januari 16, 1942, ndege yake ilijigonga kwenye mlima karibu na Las Vegas. Watu wote 22 waliokuwamo walikufa, akiwemo mama yake mzazi na askari 15 wa jeshi la Marekani. Alikuwa na miaka 33. Mume wake alikuwa Clark Gable.

Katika picha kulikuwa na mahali Maria anauliza ni nini kinachoweza kutokea ndani ya ndege. Walikata.

Sasa, ukijua hayo, ukimwona amesimama na lile gauni akitabasamu, unacheka kwa shida kidogo. Mimi huwa siwaambii wageni mpaka picha iishe.

Kwa nini unasema hii ni filamu ya Greenberg? Si ni mhusika mdogo?

Ndiyo, na analalamikia udogo huo tangu mwanzo. Yeye na Bronski kazi yao ni kushika mikuki nyuma ya Hamlet. Ndoto ya Greenberg ni kumcheza Shylock, yule Myahudi wa mchezo wa Shakespeare The Merchant of Venice, na akipata upenyo tu anamsomea Bronski ile hotuba: sisi hatuna macho? Ukituchoma, hatutoki damu? Mara ya kwanza ni nyuma ya jukwaa, mtu mwenye kipaji asiyepewa nafasi, tunamwonea huruma ya kawaida. Mara ya pili Polandi imeshaanguka, wako nje kwenye baridi, maneno ni yale yale na uzito umebadilika. Mara ya tatu yuko kwenye korido ya ukumbi wa maonyesho uliojaa askari wa SS, mbele ya Hitler, ambaye ni Bronski kwenye kisharubu chake. Ni sehemu ya mpango wa kutoroka. Anajitokeza, wanamkamata, wanamuuliza anataka nini, na hapo hatimaye anapata jukwaa lake. Hakuna muziki wa kububujisha machozi. Kamera imekaa usoni. Ni mtu aliyeisubiri nafasi hii maisha yake yote na sasa ameipata mahali ambapo akikosea, wanakufa wote.

Shakespeare aliandika: "Myahudi hana macho?" Greenberg anasema: "Sisi hatuna macho?" Neno "Myahudi" limeondolewa. Wengine husema ni woga wa Hollywood wa siku zile, na nakubali woga ulikuwepo. Lakini mtazamaji yeyote anamjua Greenberg ni nani. Mapema kabisa kuna ugomvi wake na Rawitch, mwigizaji mwenye mbwembwe. Kwa Kiingereza, neno moja, "ham", linabeba maana mbili: paja la nguruwe lililokaushwa, na mwigizaji anayezidisha chumvi. Greenberg anamwambia Rawitch kwamba kitu ulicho wewe, mimi sikili. Wageni wangu wa Kiislamu wakishafafanuliwa ndio hucheka kuliko wote.

Felix Bressart aliyemcheza Greenberg alikuwa mwenyewe Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933. Na Lubitsch alipokuwa kijana Berlin, kabla hajawa mwongozaji, alikuwa kwenye ukumbi wa Max Reinhardt, mwongozaji mkubwa wa tamthilia, akicheza sehemu ndogo ndogo. Alijua mkuki unavyochosha mkono.

Hapa pia kuna mlango wa Kiswahili. Mwalimu Nyerere aliutafsiri mchezo huo wa Shylock, ukatoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Siku moja nilikuwa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, amesinzia kwenye kochi tangu dakika ya ishirini. Greenberg alipoanza, mzee akafumbua macho, akakaa wima: "Huyo si Shylock huyo?" Akaanza kuisoma hotuba kwa Kiswahili pamoja naye, kwa sauti, kidole hewani. Hakuna aliyemnyamazisha.

Tukio lipi ni bora kwa kicheko tu, bila falsafa?

La ndevu, hakuna ubishi. Siletsky wa kweli ameshauawa, maiti yake imegunduliwa, na Tura bila kujua anafika kwa Gestapo akiwa bado amevaa ndevu za Siletsky. Ehrhardt anamfungia chumba kimoja na maiti ili aone kama atavunjika. Maiti imekaa kitini. Tura ana ndevu za akiba mfukoni, na kuna wembe bafuni. Basi. Akimwita Ehrhardt, yule maiti sasa ndiye mwenye ndevu bandia, na Tura kwa upole wote anamshawishi Kanali azivute. Ehrhardt hataki. Anavuta. Zinabaki mkononi mwake! Aibu yake haina kipimo, Tura anakaribia kuombwa radhi.

Angetoka pale mshindi. Lakini wenzake, wasiojua kama ameshajiokoa, wanavamia wakiwa na sare za wakubwa wa Kinazi kuja kumwokoa, na cha kwanza wanachofanya ni kumng'oa ndevu mbele ya kila mtu. Hapo ndipo wengi hupaliwa na chai.

Ina tofauti gani na ile ya Chaplin?

The Great Dictator ya mwaka 1940 ilitangulia, tena Chaplin aliweka fedha zake. Yeye alimbadili Hitler jina, akamwita Hynkel, na mwishoni anaacha kuigiza na kukuhutubia uso kwa uso. Lubitsch anamwita Hitler kwa jina lake na hahutubii. Chaplin aliandika baadaye kwamba angejua yaliyokuwa yakitendeka ndani ya makambi asingeweza kuitengeneza. Kwa Lubitsch tarehe ni za kutia ubaridi zaidi: kambi ya mauaji ya Chełmno, ndani ya Polandi, ilianza kazi Desemba 8, 1941, wakati Benny na Lombard wako studio wakipigwa picha. Walichokijua Hollywood ni kwamba kuna makambi na kuna mateso. Viwanda vya kuua, hapana.

Nikilazimishwa kuchagua, hotuba ya Chaplin naikumbuka, picha ya Lubitsch naitazama tena.

Na ile ya 1983?

Ya Mel Brooks na mkewe Anne Bancroft. Inafuata ya kwanza karibu hatua kwa hatua, ina rangi na nyimbo. Charles Durning alipendekezwa kwa Oscar kwa kumcheza Ehrhardt. Inachekesha. Lakini mwaka 1983 Hitler alikuwa ameshakufa, na hilo linapunguza kitu.

Jack Benny hakupata shida kuvaa sare ya Kinazi?

Aliyepata shida ni baba yake. Mzee Kubelsky, ambaye ndilo jina la ukoo la Benny, alikuwa Myahudi mhamiaji. Benny alisimulia kwamba mzee alipomwona mwanawe na sare ile mwanzoni mwa picha, aliinuka akatoka ukumbini na kumsusia. Ilibidi Benny amweleze kwamba aliyemo ndani ya sare anapambana nao. Mzee akarudi, akaipenda, akaitazama mara 46 kwa hesabu ya mwanawe, na Benny alikuwa mchekeshaji, kwa hiyo hesabu hiyo ipokee na chumvi yake.

Kuna chochote kinachotuhusu sisi wa huku?

Kipo, kilomita chache kutoka kwenye shuka langu. Mwaka 1942, mwaka ule ule wa picha hii, wakimbizi wa Kipolandi walianza kufika Afrika Mashariki. Walikuwa wamepelekwa kwa nguvu Siberia na sehemu nyingine za Umoja wa Kisovyeti, wakaachiwa baada ya Hitler kumgeuka Stalin mwaka 1941, wakapitia Iran. Tengeru, njia ya kwenda Moshi, ilikuwa moja ya kambi zao kubwa, watu kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Uganda walikaa Koja, kando ya Ziwa Victoria, na Nyabyeya karibu na Masindi, ambako kanisa walilojenga lipo bado. Makaburi ya Tengeru yapo ndani ya eneo la chuo cha mifugo, yametunzwa, majina yanasomeka, yale yale yanayofanana mwisho kama mabango ya maduka ya msimulizi wa Lubitsch. Ukipata nafasi nenda asubuhi, kabla ya jua.

Kuna kilichochakaa?

Kipo. Theluthi ya kwanza inataka subira kwa mtu aliyezoea picha za kasi. Wapolandi wote wanaongea Kiingereza cha Marekani, hakuna hata aliyejisumbua. Maria ni mwerevu kuliko wanaume wote wa humo ndani na bado kila jambo linampitia chumbani. Na kuna lile la marubani wawili wa Kijerumani: waigizaji wametoroka kwa ndege ya Hitler, Bronski mwenye kisharubu anawaamuru marubani waruke, nao wanaruka bila miavuli, kwa utii. Ukumbi huvunjika mbavu. Mimi nilicheka mara tatu za mwanzo. Sasa hivi sijui.

Watoto wanaweza kutazama?

Hakuna damu. Mzaha wa chumbani utawapita juu ya vichwa. Kuanzia miaka kumi hivi, ila mtu mzima awepo. Mtoto wa dada yangu aliniuliza, "Anko, kwani Wanazi wanauza nazi?" Swali hilo lilituchukua muda mrefu kuliko picha yenyewe.

Yule anayeinuka mwishoni ni nani?

Wameshafika Uskoti. Bronski ametua kwa mwavuli akiwa bado ni Hitler, na wakulima wawili wanaomwona hata hawashtuki, kwanza alikuja Hess, sasa huyu, maana Rudolf Hess alikuwa amejirusha kule kweli Mei 1941. Tura ameulizwa anataka zawadi gani kwa ushujaa wake, Maria akajibu kwa niaba yake: anataka kucheza Hamlet. Kwa hiyo tunamwona tena, kwenye nchi ya Shakespeare mwenyewe, anatembea taratibu mpaka mbele. Safari hii amejihami. Jicho amelibandika kwa Sobinski, aliyekaa pale pale mbele, ametulia. Tura anafungua kinywa. Kuwa, au kutokuwa. Na kijana mwingine kabisa, mwenye sare ya jeshi la majini, anasimama na kuanza kuwapitia watu magotini. Hana jina, hatujamwona kabla. Usimtazame yeye. Mtazame Sobinski anavyogeuza shingo.